Bahari ilikuwepo jana, leo imekwenda wapi?

Mi si mtu wa likizo kwa kweli. Kwetu Kigombe, njia ya Pangani ukitokea Tanga mjini, bahari ilikuwa mlangoni, na mtu akikwambia anakwenda pwani ujue anakwenda kutafuta kitoweo, si kulala kwenye taulo. Kwa hiyo mwaka 2024 nilipoamua kupanga likizo ya familia ya kueleweka, wiki nzima pwani ya magharibi ya Ufaransa, nilipanga kama mtu wa bara ambaye bahari kaiona kwenye kalenda. Nikaangalia picha, nikaangalia bei, nikalipa. Miaka tisa nakaa huku kitongoji cha Paris, nahudumia wazee majumbani kwao, nikajiona nimeshakuwa mwenyeji najua mambo. Kumbe sijui kitu.

Tulichagua Noirmoutier, kisiwa cha mkoa wa Vendée, chini kidogo ya Nantes. Kwanza kilitajwa na bibi mmoja ninayemhudumia, alikuwa anaenda utotoni, akikielezea macho yanang'aa. Pili daraja lake ni bure, lipo tangu 1971, wakati ukienda Île de Ré kule chini La Rochelle daraja unalilipia. Tatu, na hili ndilo lililoniteka, kuna barabara ya pili ya kuingia kisiwani inaitwa Gois, kilomita nne na kitu zimepita juu ya sakafu ya bahari yenyewe. Maji yakipwa unaendesha gari, yakijaa barabara inazama, haipo. Nikasema hii lazima wanangu waione.

Safari yenyewe haikuwa yetu wanne peke yetu. Mama yangu alikuwa anakuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na shemeji yangu, kaka wa mume wangu, alikuwa anakuja na kijana wake kutoka Milton Keynes, Uingereza, watukute hukohuko katikati ya wiki.

Makaratasi ya mama nitayapita haraka maana nikianza hapo hatumalizi leo. Ukimwalika mzazi akae kwako unakwenda manispaa ya mtaa wako kuomba attestation d'accueil, stempu yake mwaka ule ilikuwa yuro 30, unapeleka mkataba wa nyumba na karatasi za mshahara, na miadi yenyewe kuipata ni kusubiri. Halafu karatasi asilia inasafiri mpaka kwa mama, ndio akaombe viza, na lazima awe na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Viza watu wazima sasa hivi ni yuro 90 na unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, usingoje. Kosa langu nililipia nyumba ya likizo kabla viza ya mama haijatoka, nyumba isiyorudisha hela hata senti, nikakaa wiki tano sili vizuri. Ilitoka. Ila nisingeirudia, siku hizi natafuta ile ya kufuta bure hata kama imezidi yuro 60 au 70.

Na nyumba za kule majira ya joto zinakwenda Jumamosi kwa Jumamosi. Huwezi kusema mi nitakuja Jumanne niondoke Jumapili, hakuna. Maana yake nini, maana yake Ufaransa nzima iko barabarani siku moja, na likizo za kiangazi shule zote zinafunga pamoja, si kama zile za Aprili ambazo nchi imegawanywa kanda tatu zinapishana. Serikali ina huduma inaitwa Bison Futé inazipaka siku rangi, kijani, machungwa, nyekundu, nyeusi, na Jumamosi ya Agosti ukiipata ya kijani nenda kasujudu. Tulitoka nyumbani saa kumi alfajiri, mama nyuma na watoto, kapu la chapati miguuni, na bado karibu na Nantes tulikwama mpaka chapati zikaisha.

Tukafika saa kumi jioni, ndio saa ya kupewa funguo, si kabla. Nyumba ndogo nyeupe, madirisha ya buluu, upande wa Barbâtre, na dirisha la sebuleni linatazama maji. Maji yamejaa mpaka karibu na tuta, yamemeremeta, vilevile kama kwenye picha. Nikajipongeza moyoni.

Kilichotutibua jioni ile ni mashuka tu. Tangazo lilikuwa limeandika huko chini kabisa kwamba mashuka na mataulo hayamo, na mi sikushuka mpaka chini. Saba sisi, ukihesabu wageni wa Jumatano, na godoro zote tupu na maduka yameshafungwa. Mama akafungua sanduku lake, lile nililokuwa nimemlalamikia uwanja wa ndege kwamba kilo zimezidi, akatoa kanga doti nne alizoleta za zawadi, tukatandika. Watoto wakalalia maandishi ya mafumbo ya watu wazima, alhamdulillah bado hawajui kusoma Kiswahili vizuri.

Sasa Jumapili asubuhi. Saa nne hivi wanangu wameshavaa nguo za kuogelea, wamepaka mafuta ya jua, ndoo mkononi, wametoka mbio. Sekunde chache wa mwisho karudi, ana miaka sita, ananiangalia kama mimi ndiye niliyechukua, ananiambia mama bahari ilikuwepo jana, leo imekwenda wapi?

Nikatoka nje. Hakuna bahari. Yani ninavyosema hakuna, hakuna. Tope la kijivu mpaka macho yanapoishia, mashua zimelala ubavu, na mbali huko watu wadogowadogo wameinama na vikapu. Nikahisi moto usoni, yuro 980 za wiki nzima nimelipia tope.

Nyuma yangu mama kashika kikombe cha chai, anacheka kimyakimya mabega yanapanda yanashuka. "Mwanangu," akaniuliza, "kwani mwezi uko wapi?" Nikasema sijui mama. Akasema mi nimeutazama jana usiku, kesho unatimia, hii ni bamvua inaingia, yale maji makubwa. Akanywa chai kidogo. "Ukalipa nyumba ya pwani bila kuuliza maji?"

Jamani. Mtoto wa Kigombe mimi. Nimekua nasikia leo bamvua, leo maji mafu, wanawake wanapanga siku yao ya kwenda kuchokoa pweza kwa mwezi, wala hawana saa. Nikaja huku nikaacha akili yote bandarini.

Basi mchana wake nikaenda ofisi ya utalii nikapata kijitabu cha maji, kidogo kinaingia mfukoni, na hapo ndipo nilianza kupanga likizo kwa kweli, siku ya pili ya likizo yenyewe. Nitawaeleza vile nilivyoelewa. Wafaransa wana namba yao ya kupimia nguvu ya maji, koefisienti, inaanzia 20 mpaka 120. Ikiwa kwenye 40 hivi hayo ndiyo maji mafu, bahari inasogea kidogo tu. Ikipita 90 hapo ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yakirudi yanarudi juu sana. Inafuata mwezi vilevile kama kwetu, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo ndio yanapamba moto. Tofauti ni saa. Tanga bamvua maji yanakauka asubuhi kwenye saa nne, mama anajua hivyo tangu mtoto, lakini pwani ile ya Vendée bamvua ikishapamba maji yanakauka kwenye saa saba mchana. Na siku za maji mafu ni kinyume, mchana ndio yamejaa. Kwa hiyo kama una watoto wadogo unataka waogelee mchana karibu na nyumba, chukua wiki ya maji mafu. Kama unataka kuvuka Gois na kuokota kombe, chukua bamvua. Wiki za bei moja, nyumba moja, likizo mbili tofauti kabisa, na hakuna tangazo litakalokwambia.

Na jambo la pili ambalo picha haisemi ni upande. Kisiwa kile kina pande mbili. Upande wa mashariki ni ghuba, tope, chaza, ndege wengi, utulivu. Upande wa magharibi ni bahari kuu, mchanga, mawimbi. Nyumba yetu ilikuwa ghuba, na aliyepiga ile picha alisubiri maji yajae, simlaumu, na mimi ningesubiri. Bahati nzuri kisiwa ni tambarare na pale kwetu ni chembamba, tukakodi baiskeli, watoto wakawa wanapelekwa upande wa pili kuogelea kwenye mchanga. Maji yenyewe baridi lakini, Agosti ile ile. Mama alichovya vidole vya mguu mara moja, akasema hii bahari mmeitoa kwenye friji, na hakurudia.

Jumatatu tukaenda Gois kwa miguu. Hapa ndipo ningeomba nikae kidogo.

Mwanzoni mwa barabara kuna bango kubwa lina saa za kupwa za siku hiyo, na kanuni ni saa moja na nusu kabla ya maji kukauka kabisa na saa moja na nusu baada, na hiyo ni hali ya hewa ikiwa nzuri. Barabara ya mawe, majimaji, ina mwani, inateleza, mwaka 1999 mashindano ya baiskeli ya Tour de France yalipita pale wakaanguka rundo zima. Pembeni kila baada ya umbali fulani kuna mlingoti mrefu una ngazi na kibanda juu, wa kupanda ukizidiwa na maji, na kila mwaka kuna watu na magari yao yanawakuta.

Mama akavua viatu. Akafunga kanga juu ya magoti, akashuka kwenye tope, na nikamwona anakuwa mtu mwingine, si yule aliyekuwa anaogopa ngazi za umeme kule uwanja wa ndege. Hakutumia reki kama wenzie. Alikuwa anatembea polepole anabonyeza kwa dole gumba, anasimama, anainama, anatoa kombe. Vitundu viwili vidogo kwenye mchanga, akawaonyesha watoto, hapo yumo. Bibi mmoja wa Kifaransa akasogea kuangalia, hawana lugha moja hata neno, wakawa wanaonyeshana tu, yule bibi akatoa kipimo chake cha plastiki, maana kuna sheria ya ukubwa, kombe wale wa palourde wakiwa chini ya sentimita nne unawarudisha. Mama akakubali kwa kichwa, akaniambia hawa watu wana akili, kwetu wangekuwa na kipimo hiki pweza wasingekwisha. (Kabla ya kuokota angalieni matangazo ya manispaa pia, kuna sehemu zinafungwa kwa ajili ya uchafu wa maji.)

Halafu ghafla akanyooka. Akatazama kijito kidogo kilichokuwa kinapita katikati ya tope, kinatiririka kuelekea nje. Mi sikuona kitu. Akasema twendeni. Nikatazama saa nikamwambia mama bango linasema bado, tuna karibu nusu saa. Akasema bango halijui upepo, povu limesimama, angalia, maji yamegeuka. Na kweli ukiangalia vizuri vile vijipovu vilivyokuwa vinakwenda baharini vilikuwa vimesita, vinazunguka palepale, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Tukatoka. Tulipofika juu kwenye tuta, tumekaa tunakung'uta tope, yale maji yakawa yanaingia pande zote mbili kwa mpigo, hayaji kama wimbi, yanajaza tu, huku unatazama huku yameshafika, na vijana wawili wakaja mbio viatu mkononi maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, wanacheka ile ya uoga. Mume wangu akamwambia mkwewe, mama kuanzia leo saa ni wewe.

Sasa shemeji. Nikikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu kwenye treni.

Tulikubaliana Jumatano waingie kisiwani kwa Gois, tutawasubiri upande wa pili tupige picha. Mume wangu akaandika kwenye grupu la WhatsApp la familia kwa Kiswahili safi, "maji yanakauka saa saba na dakika kumi, njooni muda huo." Shemeji mwenyewe angeelewa, kakulia Tanga huyu. Lakini aliyekuwa anapanga njia ni kijana wake, kazaliwa Uingereza, Kiswahili anakijua cha kuombea chakula, kwake saba ni saba, akaandika kwenye simu 7:10. Walivuka na meli ya usiku kutoka Portsmouth mpaka Caen, wakashuka asubuhi, wakaona ooh mpaka saa moja jioni muda upo tele, wakapita Mont-Saint-Michel kutalii, wakala, wakapiga picha, shemeji akalala kiti cha nyuma.

Sisi saa saba mchana tuko kwenye tuta tunapunga mikono kwa kila gari yenye usukani wa kulia. Simu hazipokelewi. Saa nane. Saa nane na nusu mama akasema hao hawaji, maji yanarudi. Tukaenda zetu.

Saa moja na robo jioni simu inalia. Kijana. "Aunty, the road..." akakwama, akampa baba yake, na shemeji ndio kwanza anaamka, namsikia anauliza, "Shem, hivi barabara yenyewe iko wapi? Mbona naona lami inaingia baharini?" Walikuwa wamefika kwa dakika ile ile ambayo maji yamejaa kabisa, masaa sita kamili baada ya kukauka, huwezi kukosea vizuri kuliko vile. Wakazunguka kwa daraja, na alipoingia ndani kitu cha kwanza mama alimwamkua, "Karibu baba, umekuja na jahazi?"

Toka siku hiyo kwetu ikishakuwa habari ya maji tunaandika 13:10 kwa namba, hakuna saa saba wala saa moja. Na kuna kamtego kengine, baadhi ya jedwali za maji zinachapwa kwa saa za majira ya baridi, kiangazi unaongeza saa moja mwenyewe, kwa hiyo angalia pale chini wameandika nini. Hata boti za kwenda Île d'Yeu, kisiwa kingine cha huko, kutoka Fromentine ratiba yake haifanani siku na siku, inafuata maji.

Chakula hakikutusumbua. Nyama halali nilinunua kabla ya safari nikagandisha, maana kisiwani usiitegemee, lakini bandari ya L'Herbaudière ina samaki wa kutosha, mama akapika dome kwa nazi ya kopo akailaani ile nazi mwanzo mpaka mwisho huku anaongeza sahani. Zile bonnotte, viazi vyao vya sifa, hatukuvipata, vinavunwa Mei mwanzoni na Agosti vimeshakuwa hadithi. Na usiku ni mfupi, magharibi inaingia saa tatu na kitu, isha karibu saa tano, watoto wanalala na jua.

Ila chumvi ndiyo iliyomkamata mama. Kuna mashamba ya chumvi katikati ya kisiwa, mabwawa ya udongo yamepangwa kama vyumba, maji ya bahari yanaingia kwa mfereji, yanatembezwa kutoka bwawa hadi bwawa mpaka jua na upepo vinabakiza chumvi. Mwenye shamba, saunier wanamwita, alikuwa anaikusanya ile nyepesi ya juu kwa chombo chenye mpini mrefu, taratibu kama anaondoa utando wa maziwa. Mama akauliza bei ya kile kipakiti kidogo nikamwambia. Akanyamaza. Akaniomba nimwambie tena kwa shilingi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anahesabu kwa vidole, mjomba wake alifanya kazi mashamba ya chumvi upande wa Mkinga, na alikufa maskini.

Jumamosi kuondoka ni kusafisha mwenyewe au ulipe mtu, na dipoziti yako iko kwa mwenye nyumba, kwa hiyo piga picha kila chumba ukiingia na ukitoka. Sisi tulikatwa yuro 25 kwa ajili ya sufuria iliyoungua. Ilikuwa ile dome.

Mwaka huu nataka kurudi. Juzi nilikuwa na wiki mbili mkononi, zote nyumba ileile, bei ileile, mwenye nyumba anataka jibu kabla ya usiku. Kijitabu cha mwaka huu sina na simu ingenijibu kwa sekunde, lakini nikampigia mama Tanga. Shikamoo mama, marahaba, nikamweleza. Akaniambia ngoja. Nikasikia anaburuta kandambili, komeo la mlango, mbwa wa jirani, kisha kimya kirefu.

"Lipia ile ya pili," akasema. "Na mwambie mkwe, nikija safari hii mashuka nabeba."